Dainamo ya Babu: Taa, Magendo na Bodaboda kati ya Busia na Tororo

Likizo ya Desemba iliyopita nilirudi nyumbani, upande wa Uganda kati ya Tororo na Busia, nikiwa na kazi mbili. Ya kwanza nilipewa chuoni: niandike insha ya historia nikianzia na kifaa kimoja kinachopatikana nyumbani kwetu. Ya pili nilipewa na mjomba siku niliyofika. Alitaka nimsaidie kubadilisha waya na taa za Honda ya babu, pikipiki ndogo ya sisi 70 iliyokaa ghalani muda mrefu chini ya magunia ya mtama. Nilidhani hizo ni kazi mbili tofauti. Katika insha hii nitaeleza jinsi zilivyogeuka kuwa moja, na kwa nini nadhani historia ya mpaka wetu inaweza kusimuliwa kwa kuuliza swali dogo: nani alikuwa na taa usiku, na nani alichagua kuizima?

Nianze na mpaka wenyewe, kwa sababu bila mpaka hakuna bodaboda. Hadi mwaka wa 1902 ardhi yote inayozunguka Busia ya leo, pande zote mbili, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari ukachorwa upya. Waliochora hawakuwauliza Iteso wala Abasamia, ambao hadi leo wana mashamba, makaburi na wakwe upande huu na ule. Kwa muda mrefu mstari huo haukuwasumbua sana watu wa kawaida. Watawala walikuwa wale wale pande zote, na reli iliyopita Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka wa 1931 bila kujali mpaka. Ni baada ya uhuru wa Uganda mwaka wa 1962 na wa Kenya mwaka wa 1963 ndipo mstari ulipopata mageti, askari na mihuri.

Hapo ndipo baiskeli inapoingia. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na kipande cha barabara ambacho magari ya abiria hayakuweza kukivuka bila karatasi nyingi. Msafiri aliyeshuka basi upande mmoja alilazimika kutembea na mizigo yake hadi upande wa pili, umbali unaokaribia kilomita moja. Vijana wenye baiskeli waliona riziki hapo. Walifunga mto wa sifongo kwenye keria, wakasimama getini na kuita: "Boda! Boda!" Yaani, nikupeleke kutoka boda hadi boda. Wapo wanaosema mwito huo ulianzia Busia, na wapo wanaosema Malaba, mji wa mpakani ulio karibu zaidi na Tororo. Babu, kama watu wengi wa kwetu, anasema Busia na hataki ubishi. Wote wanakubaliana kwamba jambo hilo lilianza miaka ya 1960, na kwamba lilianza kwa baiskeli.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya kulipenda neno hili. Limetoka katika neno la Kiingereza la mpaka, likavaa irabu ya mwisho kama maneno yetu yanavyopenda, kisha likarudufiwa kama polepole na pikipiki. Halikutungwa na kamati wala halikupitishwa na baraza. Lilitungwa na mtu aliyetaka abiria. Baadaye lilihama kutoka kwenye baiskeli hadi kwenye pikipiki, likavuka hadi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na leo mtu anaweza kupanda bodaboda maisha yake yote bila kuona mpaka wowote.

Sasa turudi ghalani. Mjomba alipoivuta Honda nje, jambo la kwanza tulilofanya ni kufungua kikombe cha taa ya mbele. Ndani yake mlikuwa na waya zilizokauka kama nyasi za kiangazi. Gamba la plastiki lilikatika tulipoligusa, na shaba iliyokuwa ndani ilikuwa na kutu ya kijani. Mahali pengine mtu alikuwa ameunganisha waya mbili kwa kuzisokota na kuzifunga kwa kitambaa. Balbu ilikuwa imeandikwa volti 6, wati 15.

Mimi, kama mwanafunzi wa historia, nilisema tusiibadilishe. Nilimwambia mjomba kwamba pikipiki hii ni ya miaka ya 1970, kwamba kampuni ya Honda ilianza kutengeneza familia hii ya pikipiki mwaka wa 1958 na kufikisha jumla ya milioni 100 mwaka wa 2017, kwamba hakuna chombo chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi kama huo, na kwamba yetu ni ushahidi wa kihistoria. Tutafute waya za rangi zile zile na balbu za volti zile zile. Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mpwa wangu, wewe utarudi chuoni. Mimi ndiye nitakayeiendesha saa mbili usiku kutoka Busia, malori yakinifuata nyuma."

Sikuwa na jibu. Basi akanieleza kasoro ya umeme wa zamani, na ninaieleza hapa kwa sababu ina uhusiano na hoja yangu.

Katika Honda hii taa ya mbele hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili iliyo pembeni mwa injini, ambayo sumaku huizunguka. Injini ikizunguka kwa kasi, taa inang'aa. Ukipunguza mwendo kwenye shimo au kona, yaani mahali unapohitaji mwanga zaidi, taa inafifia na kuwa kama kaa la moto linalozimika. Tena koili na balbu zimepimwa ziendane. Balbu ya nyuma ikiungua, umeme uliokuwa wake unakimbilia balbu ya mbele, nayo inaungua. Dereva anabaki gizani mbele na nyuma kwa mara moja.

Kuna jambo la pili, nalo ni hesabu. Balbu ya wati 15 kwa volti 6 inavuta ampea 2.5. Kwa volti 12 inavuta ampea 1.25 tu. Waya uliochakaa una ukinzani, na umeme unaopotea njiani unaongezeka kadiri ampea zinavyoongezeka. Katika mfumo wa volti 6, kiungo kimoja chenye kutu kikila volti moja, balbu inabaki na volti 5. Ni upungufu wa sehemu moja kati ya sita, lakini mwanga wenyewe unapungua karibu nusu, kwa sababu balbu ya waya mwembamba haisamehe. Kwa sababu hii watengenezaji wengi wa pikipiki walihama kutoka volti 6 kwenda 12.

Tulinunua Busia vitu hivi: betri ndogo ya volti 12, rektifaya yenye kidhibiti ndani yake, swichi, fyuzi, honi, waya wa rangi tano, na taa za LED za mbele na nyuma. Mjomba alisema koili ile ile ya zamani inaweza kulisha mfumo wa volti 12 injini ikichangamka, ilimradi mzigo uwe mdogo, na taa za LED ni mzigo mdogo. Tuliamua pia kutotegemea fremu kurudisha umeme. Kila taa ilipata waya wake wa athi hadi kwenye betri, kwa sababu fremu yenye kutu na rangi ni njia mbovu. Waya zote za zamani nilizikunja na kuziweka ndani ya bahasha pamoja na ile balbu. Huo ndio ulikuwa upatanisho kati ya mwanahistoria na dereva.

Nilipokuwa nikitafuta kopo la kuwekea nati, nilikuta kitu kingine kwenye rafu ya ghala: dainamo mbili za baiskeli, za umbo la chupa ndogo, zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Nilizipeleka kwa babu, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akitutazama, nikamuuliza kwa nini mbili, maana sijawahi kumwona na zaidi ya baiskeli moja. Alizishika kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha alianza kusimulia, kwa Kiteso kilichochanganyika na Kiswahili, na mjomba aliweka koleo chini akaja kukaa.

Kabla sijaeleza aliyosema, nieleze hali ilivyokuwa. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alichukua serikali ya Uganda. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka, viwanda na maghala yao yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kuagiza bidhaa wala kutunza mashine. Katika miaka michache sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa vikaadimika. Kenya vilikuwapo. Upande wa Uganda kulikuwa na kahawa, ambayo serikali ilimlipa mkulima bei ndogo kwa shilingi iliyokuwa ikiporomoka. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda hadi kufikia kilele mwaka wa 1977. Gunia la kahawa likivushwa mpaka lilikuwa na thamani ambayo mtu hangeipata kwa mwaka mzima wa kulima. Soko la Chepkube, upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, lilipata sifa yake wakati huo.

Hayo yote yaliitwa magendo, na Waganda walilitumia neno hilo la Kiswahili kwa uchumi mzima. Waliotajirika waliitwa "mafuta mingi". Mwalimu wetu wa sarufi angesahihisha kuwa "mafuta mengi", lakini kosa hilo ndilo historia yenyewe. Kiswahili kilichosikika Uganda miaka hiyo, hata baada ya Amin kukitangaza lugha ya taifa mwaka wa 1973, kilikuwa cha kambini, cha vizuizi vya barabarani na cha biashara ya usiku. Hadi leo wapo wazee wa Uganda wanaoogopa wakisikia Kiswahili, na sisi tunaokisoma tunapaswa kuelewa sababu.

Babu na mdogo wake walikuwa bodaboda wa baiskeli mchana na wabebaji wa magendo usiku. Walipitia njia za panya, wakienda na kahawa na kurudi na sabuni na chumvi. Baiskeli zao zilikuwa na dainamo. Mnaozijua mtakumbuka jinsi zinavyofanya kazi: kichwa cha dainamo kinabanwa kwenye tairi, tairi linakizungusha, sumaku ndani inazunguka, nayo taa inawaka kwa volti 6 na wati 3 hivi. Ukisimama, taa inazimika. Na inapofanya kazi inalia, sauti ya mvumo kama nyigu aliyefungiwa kopoini.

"Taa ilitusaliti kwa macho, na sauti ilitusaliti kwa masikio," babu alisema. Askari aliyelala kichakani angeweza kusikia dainamo kabla hajaona baiskeli. Kwa hiyo usiku mmoja babu alichukua spana, akafungua dainamo zote mbili, yake na ya mdogo wake. Alifungua na taa za nyuma pia. Mdogo wake alilalamika kwamba kuna kipande kifupi cha barabara kuu ambacho ni lazima wakipite kabla ya kuingia njia ya panya. Babu alimwambia kipande ni kifupi.

Lori liliwakuta kwenye kipande hicho, likitokea nyuma. Babu alikuwa ametangulia. Alisikia kishindo, akageuka. Dereva hakusimama, na babu anasema hamlaumu, kwa sababu hakuona kitu hadi alipokuwa amekwisha kukigonga. Mdogo wake alifariki hapo hapo barabarani. Babu hakuweza kumpeleka hospitali wala polisi, kwa kuwa kulikuwa na magunia mawili ya kahawa. Aliyavuta magunia kichakani kwanza, ndipo akarudi kwa ndugu yake. Hilo la magunia alilisema akitazama chini.

Nilimuuliza ilikuwa mwaka gani. Hakukumbuka tarehe, ila alikumbuka bei. Alisema ilikuwa wakati kahawa ilipofika bei ambayo haijawahi kurudi. Nikilinganisha na bei za dunia, nakadiria kuwa ni mwishoni mwa 1976 au mwaka wa 1977. Walimu wetu hutuonya kwamba kumbukumbu za wazee hazina tarehe. Nimejifunza kwamba mara nyingi zina tarehe, ila zimeandikwa kwa kipimo kingine.

Kuna jambo moja zaidi linaloifanya habari hii kuwa nzito kwangu. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, na kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 umeme wa Nile ulikuwa ukisafirishwa kwenda Kenya kwa nyaya zinazopita Tororo. Tororo yenyewe ilikuwa na kiwanda cha saruji kinachotumia umeme huo. Watu wa vijiji vya katikati waliishi chini ya nyaya hizo wakiwasha vibatari. Mwanga pekee wa umeme ambao babu na ndugu yake waliwahi kuumiliki ni ule walioutengeneza kwa miguu yao, na huo nao waliuzima. Mwanahistoria anaweza kusema walichagua giza. Mimi nasema mpaka, bei na bunduki ndivyo vilivyowachagulia, ingawa babu mwenyewe hakubali utetezi huo. "Spana ilikuwa mkononi mwangu," aliniambia nilipojaribu kumwondolea lawama.

Baada ya Amin kuondolewa mwaka wa 1979, babu aliacha magendo. Alinunua Honda hii kuukuu miaka iliyofuata kwa fedha za pamba na mahindi. Mama yangu anasema hajawahi kumwona akiiendesha baada ya jua kutua, na watoto wake walidhani ni woga wa wezi. Mpaka uliendelea kuwa na siku zake mbaya. Desemba 1987 askari wa pande mbili walirushiana risasi Busia, na njia ikafungwa kwa muda. Lakini polepole hali ilibadilika. Miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka wa 1999. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, na pikipiki za kutoka India na China zikajaa barabarani. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri anasimama mara moja tu badala ya mara mbili. Kile kipande cha barabara kilicholizaa neno bodaboda kimepoteza maana yake ya zamani.

Njia za panya hata hivyo hazijafa, na bado nakutana na pikipiki zinazokimbia usiku bila taa. Wengine hawana fedha za balbu. Wengine waya zimekatika. Wengine, nashuku, wana sababu kama za babu. Nikisikia watu wakisema bodaboda ni wakaidi tu wanaopenda kifo, nakumbuka dainamo mbili zilizofungwa kwa katani. Sheria tangu zamani ilidai baiskeli na pikipiki ziwe na taa. Sheria hiyo hiyo ya nchi iliufanya mfuko wa sabuni kuwa kosa. Mtu aliyekuwa na mfuko huo hangeweza kuitii sheria ya kwanza bila kukamatwa kwa ile ya pili. Historia ya usalama barabarani, kwa maoni yangu, haiwezi kutenganishwa na historia ya bei na mpaka.

Tulimaliza kazi siku ya tatu jioni. Mjomba aliunganisha fyuzi ya mwisho, akapiga kiki mara nne, injini ikakubali. Mwanga mweupe ulipiga ukuta wa ghala, na alipoachia mafuta injini ikapoa, mwanga haukufifia. Nilifurahi kama mtoto. Shangazi na watoto walikuja kutazama mbele ya pikipiki, wakijikinga macho.

Babu hakuja mbele. Alinyanyuka kwa fimbo yake, akazunguka polepole hadi nyuma ya Honda, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alisimama pale akiwa ameangazwa na wekundu wa taa ndogo. Alimwambia mjomba akanyage breki. Wekundu ukaongezeka. Akamwambia aachie, kisha akanyage tena. Alifanya hivyo mara tatu, halafu akasema, "Sasa unaweza kwenda."

Mjomba alitoka usiku huo huo kuelekea Busia kumchukua mteja. Mimi na babu tulisimama kando ya njia tukiitazama taa ya nyuma hadi ilipopinda. Dainamo zipo kwangu sasa, mezani ninapoandikia. Babu alinipa, nikamwahidi sitazifungua ile kamba.